Mgeni Njoo, Mwenyeji Asiugue: Kumleta Mtoto wa Paka Mgonjwa Penye Paka Mwingine

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Kwa paka, methali hiyo huweza kugeuka. Mtoto wa paka aliyeokotwa akiwa na makamasi na macho yaliyogandamana, akilazwa siku hiyohiyo ubavuni mwa paka wa nyumbani, huweza kumwacha mwenyeji hoi kabla ya juma kwisha. Hasara hiyo haiishii kwa paka. Katika nyumba nyingi za Chawia, paka ndiye mlinzi wa mahindi na maharagwe, na ghala lisilo na paka hulisha panya.

Somo hili linawalenga wakazi wanaotaka kumsaidia mtoto wa paka mgonjwa bila kumpoteza paka waliye naye. Msingi wake ni mmoja: ugonjwa na ugomvi ni matatizo mawili tofauti, na la ugonjwa hushughulikiwa kwanza. Paka hawakutanishwi hadi mgonjwa apone. Akishapona, wanajulishwa polepole, kwa harufu kwanza na kwa macho baadaye.

Nyumba ya mfano

Nyumba inayofuatwa katika somo hili ni ya kubuni, lakini inafanana na nyingi katika wadi ya Chawia. Anaishi bibi, mjukuu wake wa gredi ya sita, na paka jike wa miaka minne anayelala jikoni karibu na mafiga.

Jioni moja ya mwezi wa Julai, ukungu ukiwa umeshuka vilimani, mjukuu anarudi na mtoto wa paka ndani ya sweta la shule. Amelowa, anapiga chafya, na jicho moja limefungwa na tongo.

"Bibi, anatetemeka. Tumlaze na wetu pale jikoni wapashane joto."

"Joto atalipata, mjukuu wangu, lakini si kwa yule. Huyu ni mgonjwa. Mpeleke stoo, halafu unawe mikono kabla hujagusa kitu."

Bibi huyo amefanya jambo la kwanza sawasawa. Hajamfukuza mgeni, wala hajamtoa mwenyeji sadaka.

Kabla ya kumwokota

Si kila mtoto wa paka aliye peke yake ameachwa. Paka mama huenda kuwinda na kuwaacha watoto kwa saa kadhaa. Mtoto aliye msafi, aliyeshiba na mwenye joto anafaa kuangaliwa kwa mbali kwanza, mama apewe nafasi ya kurudi. Aliyelowa, aliyepoa mwili, mwenye jeraha au mwenye makamasi anahitaji msaada mara moja.

Wakazi wanaoishi kando ya misitu ya vilima vya Taita, au kule chini karibu na mbuga za Tsavo, wana jambo jingine la kuzingatia. Paka mwitu wapo, na watoto wao hufanana sana na wa nyumbani. Mtoto aliyeonekana porini, mbali na makazi ya watu, asichukuliwe kabla ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, kuulizwa.

Anayeokota atumie kitambaa kizito au gunia safi, si mikono mitupu. Mnyama mwenye hofu huuma hata akiwa mdogo.

Chumba cha mgeni

Mgeni anahitaji mahali penye mlango unaofungwa: stoo, chumba kisichotumika, au hata bafu la nje lililo kavu na lisilo na upepo. Penye chumba kimoja tu, kizimba cha waya wa kuku kilichofunikwa shuka pande tatu kinaweza kusaidia, mradi kiwe mbali na mahali mwenyeji anapolala na kula. Chafya ya paka huweza kurusha matone zaidi ya mita moja, kwa hiyo kona ya pili ya meza haitoshi.

Vitu vya chumba hicho havitoki humo: sahani ya chakula, bakuli la maji, katoni ya kulalia yenye kitambaa, na beseni la choo lenye mchanga au unga wa mbao.

Baridi ya Chawia huweza kumuua mtoto wa paka kabla ya ugonjwa wenyewe. Aliye chini ya wiki 4 hana uwezo wa kutosha wa kujipasha joto. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kwa leso iwekwe upande mmoja wa katoni, upande wa pili uachwe bila joto ili aweze kusogea akizidiwa. Maji yakipoa, yabadilishwe. Aliyepoa mwili asilishwe kabla hajapata joto, kwa sababu tumbo lake halifanyi kazi vizuri.

Kumkagua siku ya kwanza

Ukaguzi mfupi kwenye mwanga mzuri husaidia kumweleza daktari wa mifugo hali ilivyo. Mambo ya kuangalia ni haya:

Macho na pua. Tongo, uwekundu na makamasi pamoja na chafya ni dalili za mafua ya paka. Magonjwa haya huletwa hasa na virusi vya aina mbili, na huenea kwa matone, mikono, nguo na vyombo.

Ufizi. Ufizi wa kawaida ni wa waridi. Ukiwa mweupe, mara nyingi ni upungufu wa damu, na kwa paka mdogo viroboto wengi peke yao huweza kuuleta.

Ngozi. Mabaka ya mviringo yaliyonyonyoka manyoya, hasa usoni, masikioni na miguuni, huweza kuwa choa. Choa huambukiza paka, mbwa na watu, na watoto hukipata kwa urahisi. Uchafu mweusi kama chembe za kahawa masikioni huashiria utitiri.

Tumbo na choo. Tumbo lililofura kwenye mwili uliokonda ni ishara ya minyoo. Minyoo mingine hupita kwenye maziwa ya mama, kwa hiyo hata mtoto mchanga huwa nayo.

Maji mwilini. Ngozi ya juu ya mabega ikivutwa kidogo na kuachiliwa, inapaswa kurudi mara moja. Ikichelewa, mwili umeishiwa maji.

Uzito. Mizani ndogo ya jikoni inatosha. Mtoto wa paka anayekua vizuri huongeza takriban gramu 10 hadi 15 kwa siku. Apimwe kila siku saa ileile, na uzito uandikwe. Uzito unaoshuka ni taarifa ya mapema kuliko macho yanavyoweza kuona.

Siku 14, na sababu yake

Karantini ya kawaida ya paka mgeni ni siku 14. Idadi hiyo inatokana na muda ambao magonjwa mengi ya hatari hujificha mwilini kabla ya kujitokeza. Mafua ya paka huonekana kwa kawaida ndani ya siku chache. Panleukopenia, ugonjwa wa virusi unaoharibu utumbo na kumaliza chembe nyeupe za damu, huonekana mara nyingi ndani ya siku 10. Dalili zake ni kulegea ghafla, homa, kutapika, kuhara na kukataa chakula, na watoto wengi wa paka wasiochanjwa hufa nao.

Virusi vya panleukopenia ni sugu. Huweza kuishi sakafuni, kwenye katoni na kwenye nguo kwa muda unaofikia mwaka mmoja, na sabuni ya kawaida haiviui. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, ile ambayo wengi dukani huiita Jik, huviua. Sehemu moja ya dawa hiyo ichanganywe na sehemu 20 za maji. Sakafu au chombo kisafishwe kwanza kwa sabuni, kisuuzwe, kisha kipakwe mchanganyiko huo na kuachwa kwa dakika 10 kabla ya kusuuzwa tena. Dawa hiyo isichanganywe na sabuni nyingine za chooni wala kumwagwa juu ya mkojo, kwa kuwa hutoa hewa ya sumu. Paka arudishwe pakiwa pakavu na harufu imekwisha.

Dawa zenye fenoli, ambazo hugeuka nyeupe kama maziwa zikitiwa majini, zisitumike penye paka. Ini la paka haliwezi kuzivunja, naye hujilamba miguu.

Siku 14 zinahesabiwa tangu dalili ya mwisho, si tangu siku ya kufika. Mgeni akianza kuhara siku ya 12, hesabu inarudi mwanzo.

Mikono ndiyo daraja

Mlango ukifungwa, ugonjwa hubaki na njia moja kubwa, nayo ni anayewahudumia. Utaratibu wa kila siku uwe huu:

Mwenyeji ahudumiwe kwanza, mgeni mgonjwa awe wa mwisho.

Shati kuukuu au leso moja itengwe kwa ajili ya chumba cha mgeni na ibaki humo. Ndala za humo zisitoke nje.

Mikono ioshwe kwa sabuni na maji kila anapotoka.

Kitambaa cha chumba cha mgeni kifuliwe peke yake kwa maji ya moto na kuanikwa juani.

Mtu mmoja ndiye ahudumie. Wengi wakiingia, hakuna anayekumbuka nani alinawa.

Katika nyumba ya mfano, utaratibu uliharibika siku ya 5. Mjukuu alitoka shule, akampakata mgeni kifuani, kisha akaketi jikoni na mwenyeji mapajani, sweta likiwa lilelile. Siku ya 8 mwenyeji alianza kupiga chafya, na kesho yake akaacha chakula. Mlango ulikuwa umefungwa wakati wote. Alichokosea mjukuu ni sweta.

Kwa kuwa yalikuwa mafua na mwenyeji alikuwa mzima na mwenye nguvu, alipata nafuu kwa matibabu na dalili zikaisha siku ya 18. Hapo ndipo siku 14 zilianza kuhesabiwa upya. Ingekuwa panleukopenia, na yeye hajachanjwa, huenda hesabu isingehitajika tena.

Chakula na matunzo

Pua ikiziba, paka hasikii harufu, na asiposikia harufu hali. Pua na macho yafutwe kwa pamba iliyoloweshwa maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo, pamba tofauti kwa kila jicho. Chakula kipashwe kidogo ili harufu yake ipande. Kwa mtoto aliyeanza kula, yaani wa wiki 5 au zaidi, omena walioloweshwa, wakachemshwa bila chumvi na kupondwa, yai lililochemshwa au nyama ya kuku iliyosagwa hufaa. Apewe kidogo kidogo, mara 4 au 5 kwa siku. Vitunguu visitiwe kabisa, ni sumu kwa paka.

Maziwa ya ng'ombe, ambayo wengi huyaona kuwa ndicho chakula cha paka, huwaharisha watoto wengi wa paka, na kuhara humaliza maji mwilini. Aliye mchanga asiyeweza kula bado anahitaji maziwa maalumu, na daktari ndiye wa kueleza kiasi na namna ya kumnywesha bila maji kuingia mapafuni.

Dawa tatu huua paka wengi kwa nia njema:

Paracetamol. Kidonge kimoja cha binadamu kinatosha kumuua paka mkubwa.

Dawa ya kupe ya ng'ombe. Dawa ya kuogeshea au kunyunyizia mifugo isipakwe paka, hata ikipunguzwa kwa maji.

Dawa ya viroboto ya mbwa. Nyingi zina permethrin, ambayo humletea paka mtetemeko, degedege na kifo.

Kwa mtoto mdogo mwenye viroboto, maji ya vuguvugu, sabuni laini kidogo na kitana chenye meno ya karibu hutosha kwa kuanzia, kisha akaushwe na kupashwa joto papo hapo. Ikumbukwe kwamba viroboto wanaoonekana juu ya paka ni sehemu ndogo tu. Mayai na mabuu wamo kwenye matandiko na nyufa za sakafu, kwa hiyo chumba kifagiliwe na matandiko yafuliwe kila juma.

Wakati wa kumwona daktari bila kungoja

Mtoto wa paka apelekwe kwa daktari siku hiyohiyo iwapo hajala kwa saa 12, anatapika au kuhara mfululizo, ana damu kwenye choo, anapumua kwa mdomo wazi, ufizi wake ni mweupe, au amepoa na hainuki. Paka mkubwa asiyekula kwa siku 2 naye aonwe, kwa sababu ini lake huanza kudhurika.

Chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010, huduma za mifugo na ustawi wa wanyama ni jukumu la serikali za kaunti. Paka amo. Mkazi aanzie kwa afisa wa mifugo wa wadi au wa kaunti ndogo ya Mwatate. Anayeamua kutumia mhudumu wa binafsi ana haki ya kuuliza kama amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2011. Muuzaji wa agroveti anaweza kuuza dawa, lakini hajamwona mgonjwa. Aende na daftari la uzito na maelezo ya dalili, na paka awe ndani ya katoni iliyofungwa au kikapu chenye kifuniko, asishikwe mkononi juu ya bodaboda.

Maswali ya kumwuliza daktari ni haya: mwenyeji anahitaji chanjo gani sasa, mgeni aanze chanjo lini, na wote wawili wapewe dawa gani ya minyoo kwa uzito wao. Kwa kawaida, chanjo za mafua na panleukopenia huanza wiki ya 8 na kurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 hadi wiki ya 16. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia miezi 3. Mgonjwa asubiri apone kwanza, lakini mwenyeji aliye mzima asisubiri.

Kichaa cha mbwa ni cha paka pia

Paka huweza kupata kichaa cha mbwa na kumwambukiza binadamu. Mnyama mgeni ambaye historia yake haijulikani huhitaji tahadhari. Mtu akiumwa au kukwaruzwa, hata kidogo, aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo, kama ile ya kaunti ndogo ya Mwatate au Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Moi mjini Voi. Asingoje kuona kama paka ataugua, kwa sababu dalili zikishajitokeza kwa binadamu, ugonjwa huu karibu kila mara huua. Paka aliyeuma asiuawe wala kufukuzwa. Afungiwe na kuangaliwa kwa siku 10, na afisa wa mifugo ajulishwe.

Mama mjamzito asisafishe beseni la choo la paka, kwa kuwa vijidudu vya toksoplazma huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Mtu mwingine aondoe kinyesi kila siku, maana vijidudu hivyo huhitaji siku moja au zaidi nje ya mwili kabla ya kuweza kuambukiza.

Kuwajulisha, hatua kwa hatua

Mgeni yuko tayari iwapo siku 14 zimepita bila dalili yoyote kwa paka wote wawili, anakula vizuri, choo chake ni kigumu, uzito unapanda, hana viroboto wala mabaka, na daktari ameridhika. Kabla ya hapo, vitambaa visibadilishwe wala sahani zisisogezwe karibu.

Hatua ya kwanza: harufu. Paka humtambua mwenzake kwa pua. Kitambaa safi kisuguliwe mashavuni mwa mgeni na kuwekwa karibu na sahani ya mwenyeji, na cha mwenyeji kipelekwe kwa mgeni. Mwenyeji akikinusa na kuendelea kula, ni dalili njema. Akitoa mlio mkali kama wa nyoka, kisogezwe mbali na kurudishwa kesho. Hatua hii ichukue siku 3 au zaidi.

Hatua ya pili: mlango. Wote wawili walishwe wakati mmoja, mlango uliofungwa ukiwa katikati. Sahani zianze mbali na zisogezwe kidogo kila siku, hadi kila mmoja ale kwa utulivu karibu na mlango. Hivyo harufu ya mwenzake hufungamana na shibe.

Hatua ya tatu: macho. Waya wa kuku uwambwe kwenye fremu ya mlango, au mgeni awekwe ndani ya kizimba. Waonane kwa dakika 5 wakati wa kula, kisha watenganishwe wakiwa bado watulivu. Muda uongezwe siku kwa siku.

Hatua ya nne: chumba kimoja. Mkutano wa kwanza uwe mfupi, wa dakika 10, mwenye nyumba akiwapo. Mgeni awe ameshakula na kucheza ili asimrukie mwenyeji kwa utundu. Mwenyeji awe na mahali pa juu pa kupanda na njia ya kutokea.

Mlio mmoja mkali na kofi moja la mguu bila kucha si ugomvi. Ni mwenyeji anayemfundisha mtoto mipaka. Cha kuangalia ni masikio yaliyolala nyuma kabisa, mkia uliofura, kunguruma kusikokoma, kukodoleana macho bila kupepesa, au mwenyeji kumfukuza mgeni hadi kona. Hapo kipande cha katoni kiingizwe katikati yao, au watupiwe shuka. Mkono usiingizwe kamwe. Kisha warudi hatua moja nyuma kwa siku kadhaa, bila adhabu kwa yeyote.

Haraka ina gharama nyingine ambayo wengi hawaijui. Paka aliyepona mafua huweza kubaki na virusi mwilini kwa miaka, pengine maisha yake yote, na mfadhaiko huviamsha. Paka waliokutanishwa kwa nguvu wakapigana huweza kuanza kupiga chafya tena ndani ya siku chache. Kwa hiyo ugomvi wa leo huweza kurudisha ugonjwa wa mwezi uliopita.

Haki za mwenyeji

Mwenyeji asinyang'anywe chake. Alale palepale, alishwe kwanza, asalimiwe kwanza. Kila paka awe na sahani yake, na mabeseni ya choo yawe mamoja zaidi ya idadi ya paka, yaani matatu kwa paka wawili. Sehemu za maji ziwe mbili, zisizotazamana.

Mwenyeji anayesukumwa kando huhama. Akihama, huingia porini, hupigana na paka wa mitaani, na huweza kuletea nyumba ugonjwa mwingine. Pia huwinda. Msitu wa Chawia ni mojawapo ya makazi machache yaliyobaki ya mkesha wa Taita, ndege asiyepatikana popote duniani nje ya vilima hivi, na paka aliyehama nyumba hajui ndege yupi ni adimu. Kwa sababu hiyohiyo, paka dume ahasiwe na jike afungwe kizazi akifika miezi 5 au 6, wasije wakaongeza watoto wa kuokotwa barabarani.

Katika nyumba ya mfano, hatua ya kwanza ilianza siku ya 33, na chumba kimoja siku ya 45. Mwenyeji alimpiga mgeni kofi moja, akapanda juu ya gunia la mahindi, akamtazama kutoka huko. Juma moja baadaye walikula umbali wa hatua mbili. Hawakulala pamoja, wala si lazima. Paka wawili wanaoweza kupishana mlangoni bila kelele wamekwisha kupatana.

Wahenga walisema pia, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa mtoto wa paka mgonjwa, jembe la kulinda ghala lisubiri, hata kama ni mwezi na nusu.

Maswali ya kujipima

1. Mgeni alifika tarehe 1, akaacha kupiga chafya tarehe 9. Karantini inaisha lini ikiwa hakuna dalili nyingine?
2. Nani ahudumiwe kwanza asubuhi, mgeni au mwenyeji?
3. Jirani anatoa dawa kidogo ya kunyunyizia ng'ombe kwa ajili ya viroboto vya paka. Afanye nini mwenye paka?
4. Mtoto amekwaruzwa kidogo na paka aliyeokotwa jana. Hatua mbili za kwanza ni zipi?
5. Mwenyeji amekitolea mlio mkali kitambaa chenye harufu ya mgeni. Je, wakutanishwe ili wazoeane?

Majibu: (1) Tarehe 23. (2) Mwenyeji. (3) Aikatae, atumie kitana na sabuni laini, na aombe dawa ya paka kwa daktari. (4) Kuosha jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha kwenda hospitali siku hiyohiyo. (5) Hapana, kitambaa kisogezwe mbali na hatua ya harufu iendelee.